Tone la Chupa ya Pili

Lamphun, 20 Aprili

Kwako Daktari Fai,

Mimi ni Wilai, mama yake Nuan wa chekechea ya Huai Lom. Najua wewe ni muuguzi wa meno na si daktari kamili, lakini kijiji kizima kinakuita hivyo na si mimi nitakayeanza kukuvua cheo. Nakuandikia barua kwa sababu simu huko bondeni haishiki, na nikimtuma mama maneno atayapunguza makali kabla hayajakufikia.

Nilikuja nyumbani wiki iliyopita, Mwaka Mpya wetu wa Aprili, baada ya miezi minane kiwandani. Nimeshuka tu kwenye basi, mwanangu akanikimbilia huku anacheka, na meno yake mawili ya mbele, ya juu, meusi tii. Nilidhani amekula kitu. Nikamfuta kwa mkono wa shati langu, yakabaki vile vile. Mama akaniambia ni wewe uliyempaka dawa ya madini ya fedha ili kuoza kusimame, na kwamba tangu siku hiyo mtoto halii akila. Sawa, nimesikia. Mama mwenyewe anaona ni jambo la kuchekesha. Anasema bibi yake aliambiwa msichana mwenye meno meupe ana meno ya mbwa.

Mimi nalala kwenye bweni la kiwanda. Nina kitanda kimoja na kipande cha ukuta. Kwenye ukuta huo nataka picha ya mahafali yake ya chekechea mwezi Machi, amevaa joho na kofia, anacheka. Wenzangu walipoona picha ya Mwaka Mpya waliniuliza kama mtoto ameanza tambuu akiwa na miaka mitano. Walicheka, nami nikacheka nao, kisha nikaenda chooni nikalia.

Yafanye meupe. Ukishindwa nitakuja kumchukua nimpeleke mjini yang'olewe. Usinikumbushe yaliyotokea alipong'olewa gego mwaka juzi. Nilikuwepo. Watu wazima wanne walimshika, na mimi ndiye niliyeshika miguu. Alikaa siku nne bila kusema neno.

Wilai


Kituo cha Afya Huai Lom, 14 Mei

Dada Wilai,

Barua yako imenifikia na makali yake yote. Una haki.

Nina habari njema. Kwenye boksi la vifaa la mwezi huu, pamoja na chupa ya dawa ya fedha, nimekuta chupa nyingine ndogo, ya pili. Ni maji ya chumvi ya madini joto. Tone lake likiwekwa juu ya dawa ya fedha kabla haijakauka, jino halibadiliki kuwa jeusi. Kwa Nuan nimekwangua weusi wote wa juu, nikapaka dawa upya, nikaweka tone la chupa ya pili, nikaziba matundu kwa saruji nyeupe ya meno. Nimefanya mbele ya bibi yake na hakuna aliyemshika. Picha imo ndani ya bahasha.

Ninakuomba kitu kimoja tu. Mwambie mama aache kumpa chupa ya maziwa matamu akienda kulala. Mimi nikimwambia ananiuliza nimezaa wangapi.

Fai


Huai Lom, 9 Julai

Shikamoo Mwalimu Thongbai,

Boksi limefika salama, saruji haikumwagika. Nasikia umestaafu nusu, unafundisha siku mbili kwa wiki. Wanafunzi wako wa sasa sijui kama wanajua bahati waliyo nayo kwa siku zile tano zilizobaki.

Nina tatizo. Muhula uliopita niliziba meno arobaini na moja ya watoto wa chekechea zangu tatu, kwa njia uliyotufundisha: kupaka dawa ya fedha jino lililooza ili likauke na kuwa gumu, kisha kuziba kwa saruji. Vilibanduka vizibo vitatu tu. Tangu Mei nimeziba thelathini, na vizibo kumi na saba vimebanduka. Vizibo vinatoka vizima kama ganda la korosho. Mtoto mmoja alikitema kwenye wali akakirudisha kwangu kwa heshima zote.

Mkuu wa afya wa wilaya amesema atahesabu mwezi Februari. Vizibo vikiendelea kubanduka hivi, mpango unafungwa, na watoto watarudi kupelekwa mjini kung'olewa, saa tatu za barabara ya milima. Unajua wanavyong'olewa.

Sijabadilisha kitu. Labda ni mvua. Naomba unisaidie.

Mwanafunzi wako,
Fai


Chiang Mai, 21 Julai

Fai,

Mvua imekuwepo kaskazini tangu kabla ya meno. Tafuta mshtakiwa mwingine.

Jibu haya, moja baada ya jingine. Pamba unabadilisha mate yakiifikia, au unasubiri ilowe chapachapa? Unga na maji ya saruji unavichanganya kwa kipimo, au kwa macho kama mpishi wa supu? Baada ya kupaka dawa ya fedha unasubiri wiki nzima kabla ya kuziba, au mtoto akiwa mbele yako unaona uvivu kumwita tena? Jino lililotiwa dawa ni kama ukuta uliopakwa chokaa mbichi. Ukibandika kitu leo, kesho kinaanguka pamoja na chokaa.

Nakumbuka mikono yako. Ilikuwa mizuri na yenye haraka. Haraka hiyo nilikukemea mwaka wa kwanza na naona haikusikia.

Unaandika kwamba hujabadilisha kitu. Katika miaka thelathini na tano sijaona kitu kilichobadilika bila kubadilishwa.

Mimi nina mashine chuoni inayosukuma kizibo kwa pembeni hadi kibanduke, kisha inatoa namba ya nguvu iliyotumika. Niletee meno ya utoto, yaliyooza, yaliyotoka yenyewe. Kumi yanatosha kuanzia. Nitayatia dawa na kuyaziba mwenyewe, nione kama shida ni dawa, saruji au mtu.

Thongbai


Huai Lom, 17 Agosti

Mwalimu,

Pamba nabadilisha. Saruji napima. Kusubiri wiki nasubiri pale inapowezekana.

Meno ulidhani ni kazi ndogo. Nimezunguka nyumba kumi na nne nimerudi na jino moja, nalo la mbwa. Kila nyumba ni maneno yale yale: jino la chini likitoka linarushwa juu ya paa, la juu linatupwa chini ya ngazi, ili jipya likue kuelekea lilipo la zamani. Nani akupe jino la mwanawe ukalisukume na mashine mjini? Mama mmoja aliniuliza meno mapya yakiota yanaelekea Chiang Mai nitalipa mimi?

Aliyeniokoa ni Bibi Saeng, bibi yake mtoto mmoja anayeitwa Nuan. Huyu ni mtafuna tambuu, ana miaka sabini na moja, meno meusi yanang'aa na yote yamo. Alikuja kituoni akakaa kwenye kiti changu, akasema, "Nitakukusanyia. Ila huyo mwalimu wako akimaliza kuyachezea, ya chini ayarushe paani kwake na ya juu ayatupe chini ya ngazi yake. Akichanganya, nitamfuata."

Amepita nyumba zote kwa siku mbili na kuleta meno ishirini na mawili. Yenye uzi mwekundu ni ya juu. Yenye uzi mweupe ni ya chini. Tafadhali Mwalimu usichanganye. Nimempa neno langu.

Kizibo cha Nuan kimebanduka mara ya pili. Nimekirudisha.

Fai


Chiang Mai, 12 Septemba

Fai,

Nimetumia kumi na mawili. Niliyapaka dawa ya fedha, nikasubiri wiki, nikayaosha, nikayaziba kwa saruji ya boksi lile lile ninalokutumia. Mashine imetoa namba kumi, kumi na moja, tisa, kumi na mbili. Mawili jino lenyewe lilivunjika kabla kizibo hakijatoka. Kwa hiyo dawa si mkosaji, na saruji si mkosaji. Amebaki mtu.

Sikutukani. Nakuambia kuna jambo unalifanya ambalo hujaniandikia, na mimi siwezi kutibu barua.

Mwambie Bibi Saeng nimerusha ya uzi mweupe juu ya paa la maabara. Mlinzi alikuja kuuliza ninapiga nini. Nilimwambia ni utafiti. Ya uzi mwekundu nimeyatupa chini ya ngazi ya nyumbani kwangu, ingawa magoti yangu hayakupenda.

Thongbai


Lamphun, 30 Oktoba

Daktari Fai,

Mama hajui kuficha kwenye simu. Amekwenda mpaka mlimani panaposhika mtandao ili aniambie Nuan anaendelea vizuri, na sauti yake ikanieleza mengine. Kumbe vizibo vimebanduka mara ya tatu, na jino la kushoto limeanza kuuma tena akinywa maji.

Mei uliniambia una habari njema. Nilikuamini. Nilionyesha picha ile bweni zima.

Nimeomba ruhusa. Tarehe 5 Desemba ni sikukuu, nitakuja kumchukua. Nimeshapanga na hospitali ya mjini. Sitaki barua nyingine.

Wilai


Huai Lom, 12 Novemba

Mwalimu,

Nimekaa miezi miwili bila kukujibu kwa sababu nilikuwa sina jibu isipokuwa lile la kweli.

Tangu Mei natumia chupa ya pili. Ile ya madini joto. Mama yake Nuan aliniandikia kwamba alilia chooni kwa ajili ya meno ya mwanawe, nami nikaikuta chupa kwenye boksi, nilikuwa nimesikia tu habari zake, nikaijaribu na jino halikuwa jeusi. Unga wa rangi ya maziwa unatokea juu ya jino, naufuta kwa pamba, naziba hapo hapo. Sisubiri wiki. Nilidhani kama weusi hauji basi hakuna cha kusubiri. Mama mmoja akamwambia mwenziwe, na wote wakataka meupe. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hapa walikuwa wananiletea watoto bila kuitwa.

Julai nilishakisia ni chupa hiyo. Nikakuandikia kuwa sijabadilisha kitu. Nilimtaja Nuan kwako kana kwamba ni mtoto yeyote, na mtoto huyo ndiye niliyeanza naye. Nimemfungulia mdomo mara nne na kila mara nimemwambia hii ndiyo ya mwisho. Ananiamini. Anapanua mdomo kabla sijamwambia. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Mama yake anakuja tarehe 5 kumpeleka akang'olewe. Ukitaka kumwandikia mkuu wa wilaya kwamba nilikiuka utaratibu, mwandikie. Ila kwanza niambie nifanye nini na meno ya Nuan.

Fai


Chiang Mai, 19 Novemba

Fai,

Nimepumzisha barua yako siku moja ili hasira ipoe. Ilipopoa nikagundua hasira hiyo haikukustahili wewe, ilinistahili mimi.

Chupa ya pili niliitia mimi kwenye boksi. Chupa zote mbili zilikuja pamoja kutoka kwa mwenye duka, na karatasi ya maelekezo ilikuwa ya lugha ya kigeni. Niliitoa nikaiweka mezani ili niwaandikie nyote ya lugha yetu. Iko mezani hadi leo, chini ya kikombe. Nimeisoma jana. Kisha nimekukemea miezi minne kwa ajili ya pamba na mate. Nisamehe, mwanangu.

Meno kumi yalikuwa yamebaki. Nimeyafanyia kama ulivyofanya wewe: dawa ya fedha, tone la pili, futa, ziba papo hapo. Mashine imetoa tatu, mbili, nne. Matatu yalibanduka nikiwa bado nayafunga, kabla ya kusukumwa. Ule unga wa rangi ya maziwa unabaki kwenye jino hata ukidhani umeufuta, na saruji inaushika unga badala ya kulishika jino. Kwa hiyo ulikuwa unabandika juu ya vumbi, na mikono yako haikuwa na kosa.

Sasa fanya hivi. Kizibo kipya usikiweke leo. Osha jino kwa maji mengi mpaka uchoke, kisha osha tena. Paka dawa ya fedha peke yake. Liache wazi wiki nzima, liwe jeusi na gumu. Tarehe 4 ulioshe, ulikwangue pembeni kwenye ukingo usiooza tu, uzibe. Litashika. Kivuli kitaonekana, cha kijivu, na ukingoni mstari mweusi. Huwezi kumpa mama yule jino jeupe. Mpe jino.

Mkuu wa wilaya nimemwandikia. Nimemweleza kosa langu, kwa jina langu. La kwako utawaambia akina mama mwenyewe, kwa mdomo wako. Hilo siwezi kukufanyia.

Thongbai


Huai Lom, 9 Desemba

Shikamoo Mwalimu,

Meno ya Nuan niliyaziba tarehe 4 kama ulivyoagiza. Nimesema nao tarehe 5, ukumbi wa chekechea, akina mama na mabibi thelathini. Niliwaambia ile dawa ya kuweka weupe ndiyo iliyobandua vizibo, kwamba nilikuwa nadhani hivyo tangu Julai na sikuwaambia. Nilisema nitarudia meno yote, na safari hii yatakuwa na weusi.

Mmoja aliinuka akamshika mwanawe mkono akatoka. Wawili wakamfuata. Wilai alikuwa amesimama mlangoni na begi la safari la Nuan begani. Akasema, "Kwa hiyo ulinidanganya kwa sababu nililia."

Nilimwambia ndiyo.

Akasema, "Ungeniacha nilie."

Bibi Saeng alikuwa kwenye kiti cha mtoto, magoti yamefika kidevuni. Akatema tambuu kwenye kopo lake, akamwita Nuan, akamwambia apanue mdomo. Kisha akapanua wake, wakatazamana uso kwa uso mbele ya watu, meusi kwa meusi. Halafu akamwambia binti yake, na nakuandikia kama alivyosema: "Wewe umevaa meno meupe mpaka kiwandani na yamekuuma miaka kumi. Kamuulize mwanao yake yanauma?"

Wilai akapiga magoti, akamuuliza. Nuan akasema hayaumi, na bibi amempa embe bichi na pilipili asubuhi. Kisha akauliza kama wanaenda mjini leo. Aliuliza polepole sana, Mwalimu, na mkono wake ulikuwa umeshika upindo wa shati langu.

Wilai alilitua begi chini. Baadaye aliniita nje, akasema mpaka Machi. Kikitoka tena kabla ya mahafali, hatanisikiliza hata nikija na wewe. Akapanda basi la saa nane peke yake.

Wale watatu waliotoka, wawili wamerudi jana. Naanza upya meno kumi na saba wiki hii.

Fai


Lamphun, 2 Aprili

Dada Fai,

Mama amenitumia picha ya mahafali. Joho ni kubwa kwake na kofia imemfunika sikio. Anacheka mdomo wazi, na jino la kushoto lina ule mstari mweusi ukingoni, la kulia lina kivuli. Vizibo vyote viwili vimo. Nimehesabu.

Niliiweka chini ya mto wangu siku tatu kabla ya kuipandisha ukutani. Nikaipandisha. Mwenzangu wa kitanda cha juu akauliza ule mstari ni wa nini. Nilimwambia ndipo palipokuwa pakioza. Akafungua mdomo akanionyesha gego lake, akaniuliza kama unatibu na watu wazima.

Mwaka Mpya huu sina ruhusa. Mmwagie mwanangu maji ya baraka ya sikukuu kwa niaba yangu.

Wilai


Huai Lom, 3 Novemba, mwaka uliofuata ule wa mahafali

Shikamoo Mwalimu,

Najua tangu Februari ile mkuu wa wilaya alipohesabu na kutuongezea mwaka, hujapata barua yangu isiyo ya kuomba saruji. Hii haiombi kitu.

Ndani ya karatasi iliyokunjwa mna jino. Ni la Nuan, lile la kushoto. Lilitoka lenyewe jana akila wali wa kunata, darasa la pili, saa ya mapumziko. Hakulia. Alilileta kituoni akikimbia, na mstari ule mweusi uko vile vile, na kizibo kimo. Miezi ishirini na tatu, Mwalimu. Nimekikwangua kwa ncha ya sindano hakitingishiki. Jipya limeshaanza kuchungulia kwenye pengo lake, jeupe.

Nilimwambia Bibi Saeng kwamba ni haki yake kulitupa chini ya ngazi. Akalishika kwenye mwanga, akaligeuza sana. Akasema kiraka kile si chake, ni cha yule wa mashine, akakione. Amelifunga uzi mwekundu mwenyewe, ila macho yake siku hizi hayaoni vizuri, ikabidi Nuan amshikie.

Nuan anauliza kama mashine itaumiza jino. Nimemwambia utamjibu wewe.

Fai


Chiang Mai, 15 Novemba

Kwa Nuan, darasa la pili, Huai Lom. Daktari Fai akusomee maneno magumu.

Jino lako nimelipokea. Nimelitazama kwa kioo kikubwa asubuhi nzima, na wanafunzi wangu kumi na wawili wamepanga foleni kulitazama. Mmoja aliuliza kwa nini tusiliweke kwenye mashine tupate namba. Ni swali zuri, na zamani ningelikuwa nimeshaliweka.

Sikuliweka. Ulilitafunia miaka miwili, hiyo inatosha kwa namba.

Jioni nilirudi nalo nyumbani. Ngazi yangu ina vidato saba. Nilipiga magoti kwenye kidato cha mwisho, nikalitupa chini kabisa, mahali pakavu, uzi wake ukiwa juu yake. Mwambie bibi yako ni la juu, limekwenda chini, sikuchanganya. Kisha sikuweza kuinuka, nikakaa pale pale mpaka jirani akaja kunipa mkono, akaniuliza nimepoteza nini. Nilimwambia sijapoteza kitu.

Mwalimu Thongbai